Kilo Tatu za Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeanguka alfajiri, na soko letu la kwanza limefunguliwa saa tatu asubuhi. Nimeloa mara mbili: kwa mvua nikizitoa meza nje uani, na kwa jasho nikizirudisha chini ya paa.

Miezi mitatu nimepanda na kushuka ngazi za manispaa kwa jambo moja. Mimi ni msimamizi wa jengo la wazee, vyumba thelathini na sita, wapangaji ambao pensheni yao haifiki katikati ya mwezi. Soko liko mbali, magoti yao yamechoka, na mboga za duka la hapa jirani zimenyauka kuliko wao wenyewe. Nimewaambia hivyo wakacheka. Basi nikaomba wakulima wa karibu walete mazao uani kila Alhamisi, mzee alipe nusu na manispaa nusu. Wamekubali kwa majaribio, msimu huu tu.

Mkulima aliyekuja ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye pikapu iliyojaa matope mpaka kwenye vioo na uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kimoyomoyo nimempa jina hilo hilo, Ndimu. Mchicha wake ungali na umande. Kila fungu kalifunga kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili na kitanzi juu, kazi safi kabisa.

"Mbona hucheki, dada?" nikamwuliza.

"Nikicheka mchicha utaongezeka?"

Haya bwana. Wazee wamenunua kila kitu, hadi boga lenye kovu. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, na kikapu chake kilijaa mpaka nikamsaidia kukipandisha chumbani. Nimefurahi mno leo.

Ijumaa, 7 Machi

Furaha haikudumu hata siku mbili. Nesi wa wilaya kaja na mizani, kawapima wote ukumbini. Mama mkwe: kilo arobaini na moja. Mwaka jana alikuwa na arobaini na tisa.

Nesi akanivuta pembeni. "Mwisho wa Mei nampima tena. Akiwa chini ya arobaini na nne, sina la kufanya. Anahamishiwa nyumba ya uangalizi."

Hiyo nyumba iko mji mwingine, vitanda sita chumba kimoja, unalishwa kwa zamu. Mwaka jana wapangaji wangu wawili walipelekwa huko. Hakurudi hata mmoja. Nesi si mtu mbaya, ila penseli yake naiogopa kuliko fimbo.

Nilipomweleza Mama, aliendelea kukunja nguo zake. "Huko wanakutia kijiko mdomoni kama kinda. Mimi nitafia humu, mwanangu, mlango wangu nikiufunga mwenyewe."

Huyu ni mama wa marehemu mume wangu. Nilipofiwa, alilala sakafuni kwangu miezi miwili ili nisilie peke yangu. Nilipomwomba ahamie kwangu chini, alijibu kwamba nyumba ya mke wa mwanawe ni ya kutembelea, si ya kuzeekea. Nampenda, na ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Kilo tatu, wiki kumi na mbili, na mboga ziko mlangoni. Hilo ni jambo dogo.

Jumapili, 9 Machi

Wifi yangu kaja kumwona mama yake, na watoto wawili na kapu tupu kwapani. Huyu hata msibani huja na kapu.

Alhamisi, 13 Machi

Soko la pili. Karoti, nyanya, maharage mabichi, mapapai. Mvua. Ndimu hakucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanda kwa Mama kuangalia dirisha linalovuja. Alikuwa anakunywa chai kavu na kipande cha mkate wa jana. Nikafungua kabati: chumvi, kiberiti, kitunguu kimoja.

"Mama, mboga za Alhamisi ziko wapi?"

"Zimeisha."

"Mapapai mawili, karoti kilo nzima, mchicha mafungu matatu, siku nne?"

"Si ulisema nile? Nimekula. Sasa unanihesabia matonge?"

Nikafunga kabati. Lakini mtu aliyekula hivyo hawezi kuwa na mikono ile iliyokonda.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Ndimu hakushusha mzigo. Alibaki ameegemea pikapu, mikono kifuani, mpaka nikamwendea.

"Jumapili nilikuwa kituo cha basi," akasema. "Nimemwona mwanamke ana kapu la mchicha wangu. Fundo langu nalijua, hakuna mwingine anafunga hivyo. Sikukubali bei hii ili vijana wenye meno thelathini na mbili wale vya wazee. Kama wazee hawali, mimi naenda kuuza kwingine."

Nikamwuliza huyo mwanamke alikuwaje. Mnene kiasi, akasema, kitenge cha njano, na watoto wawili.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimsihi Ndimu anipe wiki mbili. Alishusha mzigo bila kujibu, nami nikahesabu hilo kuwa ndiyo.

Jumapili, 23 Machi

Nimemsubiri wifi getini tangu saa tisa, chini ya mwavuli, maneno yangu nimeyapanga kama matofali. Miaka ishirini nimemwona huyu mwanamke kuwa kupe. Leo nilikuwa na ushahidi.

Alipotoka, kapu limejaa, nikamzuia.

"Wifi, fungua kapu."

"Jamani, hata salamu?"

"Salamu zimo humo humo. Fungua."

Akafungua. Mafungu matatu ya mchicha, kitanzi juu. Nusu boga. Maharage.

"Unamnyang'anya mama yako tonge mdomoni," nikamwambia, na sauti yangu ilifika ghorofa ya pili maana madirisha yalianza kufunguka.

Wifi akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo. "Mama anasema mnaletewa mpaka vinaoza. Anasema nisipochukua, atavitupa. Kila Jumapili ananijazia mwenyewe, mimi nakataa yeye anaongeza. Wifi, kuna nini?"

Nikamwambia. Arobaini na moja. Mei. Nyumba ya uangalizi.

Alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa mtaro, na gauni lake la Jumapili, maji yakimpita miguuni. Watoto wakasimama wakimwangalia. "Kumbe nimekuwa nikimla mama yangu mzazi," akasema, kisha akalia kwa sauti bila kujificha.

Matofali yangu yote yalianguka. Nilikaa karibu naye kwenye maji yale yale. Akaniambia mumewe hana kazi tangu mwaka jana na kwamba mchicha ule ndio ulikuwa mboga yao ya wiki nzima. Mama alijua. Alijua, akachagua nani ale. Nimeona haya leo, haya ya kweli. Huyu si kupe. Ni mimi niliyekuwa na macho ya kupima watu bila mizani.

Tumekubaliana: kuanzia Jumapili ijayo hachukui hata jani.

Jumanne, 25 Machi

Nimezunguka vyumba vyote kuuliza nani kala boga la wiki iliyopita. Boga la chumba cha tatu kapewa mjukuu. La chumba cha tisa, fundi wa bomba. La kumi na mbili, kijana wa posta. Thelathini na sita wapangaji, na waliokula boga lao ni wawili, nao walikuwa wamegombana na watoto wao.

"Mgeni ataondokaje hapa mikono mitupu?" bibi wa chumba cha tisa akaniuliza, kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto. "Mkono mtupu haulambwi."

Manispaa tuliwaandikia kurasa kumi na nne. Hakuna hata mstari mmoja uliosema kwamba wazee wakipata kitu kizuri watakigawa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimetangaza kanuni: siku ya kutembelewa, mfuko hautoki getini.

Jumapili, 30 Machi

Wamepitisha karoti ndani ya mwavuli. Mzee mmoja alimtoa mjukuu wake na tumbo la mapapai mawili, mtoto wa kiume.

Hayo yangekuwa ya kucheka kama si yaliyotokea juu, kwa Mama. Wifi alikataa kapu, kama tulivyokubaliana. Mama alimfungulia binti yake mlango, akamsindikiza mpaka ngazini, akarudi, akajifungia. Nikagonga.

"Mkono wangu una ukoma?" akasema kutoka ndani. "Hata mtoto niliyemzaa hapokei? Basi mimi ni mzigo tu humu. Wapeni wengine hizo mboga zenu."

Ijumaa, 4 Aprili

Siku tano, chai na mkate, na mkate nusu unarudi. Nesi alipita kwa ajili ya dawa za presha, nikamwomba ampime kwa siri ya urafiki. Kilo arobaini.

Nimemharibia. Nilitaka kumwokoa nikamvua heshima yake mbele ya mwanawe. Nimelia jikoni, bomba nikiliacha wazi ili wapangaji wasinisikie.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka kuandika hili polepole nisikosee.

Asubuhi mvua ilikuwa ya hasira. Paa la ghorofa ya juu likaachia, na chumba cha Dereva kikajaa maji. Dereva ni mzee aliyeendesha treni miaka thelathini na tano. Hana mke, hana mtoto, na anatembea akitazama saa. Naye yumo kwenye orodha ya nesi, kilo arobaini na nane kwa urefu wake wote ule. Anasema kuwasha jiko kwa mtu mmoja ni kufuja mafuta.

Nilihitaji mahali pa kumweka huku fundi akipanda juu. Mlango wa karibu ulikuwa wa Mama. Nikagonga, nikasema, "Mama, nakuletea mgeni, amenyeshewa," nikakimbia kushika ngazi ya fundi. Sikuwaza lolote zaidi ya paa.

Niliporudi baada ya saa mbili, nilisikia harufu ya kitunguu kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umewekewa kiti usifunge, maana Mama hawezi kukaa na mwanamume mlango ukiwa umefungwa, hata akiwa na miaka sabini na tisa. Ndani kulikuwa na sufuria ya viazi na mchicha, na karoti juu. Kumbe mboga za Alhamisi hakuzigawa wala kuzitupa. Alikuwa amezinunia tu.

Dereva anakula. Na Mama anakula. Sahani imejaa, tonge baada ya tonge, wala haangalii.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Dereva akaniambia akinipungia kijiko.

"Nyamaza ule," Mama akasema. "Mgeni akila peke yake atadhani nimemtilia sumu."

Nikashuka ngazi. Wiki mbili napigana na mkono wake wa kutoa, kumbe ndio mkono pekee utakaomlisha. Mama hatakula kwa sababu ya nesi, wala kwa sababu yangu. Atakula kwa sababu mgeni hawezi kuachwa ale peke yake.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwendea Dereva. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisaidie. Mama hali bila mgeni. Pita kwake saa saba kila siku, ukae, ule naye, umtie moyo kidogo." Akaangalia saa yake. "Saa saba kamili," akasema.

Kisha nikamwendea Mama. "Yule mzee anakonda, Mama. Hana mtu. Hawezi kuomba, lakini akikaribishwa hakatai."

"Kwani sijayaona mashavu yake?" Mama akajibu. "Mwambie asichelewe."

Sasa kila mmoja anamwokoa mwenzake. Mungu anisamehe, sijadanganya hata neno moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefuta kanuni ya mifuko. Nimewaambia wazee hivi: kila mtu atakuwa na mgeni wake humu humu jengoni. Leo wewe ni mgeni wangu, kesho mimi ni mgeni wako. Bibi wa chumba cha tisa akauliza kama anaruhusiwa kumkaribisha adui yake wa chumba cha kumi. Nikasema huyo hasa.

Ndimu alisikiliza akiwa anafunga mafungu. "Basi nitaleta mafungu ya watu wawili," akasema. Huyo ndiye aliyetishia kwenda kuuza kwingine.

Jumapili, 13 Aprili

Wifi kaja bila kapu. Nilimfundisha la kusema, naye kalisema vizuri: "Mama, nina njaa." Mama alisimama kama msichana. Walikula wote wanne, Dereva wa tano. Wifi alipika, Mama akakosoa chumvi. Watoto wameshiba hapa, na hilo ndilo Mama alilokuwa analitaka tangu mwanzo.

Alhamisi, 17 Aprili

Soko limeisha saa nne. Boga halikubaki.

Jumatano, 23 Aprili

Maadui wa chumba cha tisa na cha kumi wamegombana tena, safari hii kuhusu nani amemwalika nani zaidi. Nimewaacha waendelee.

Alhamisi, 24 Aprili

Daraja la kwenda mashambani limefunikwa na maji. Ndimu hakuja. Kwa simu alisema shamba la chini limezama. Sauti yake ilikuwa ile ile.

Jumanne, 29 Aprili

Kabati tupu kila chumba. Mama kamkaribisha Dereva kwa chai, na aibu ikawafanya wote wawili wasinywe. Naangalia mbingu kama mkulima. Wiki nne zimebaki.

Alhamisi, 8 Mei

Wiki ya pili bila soko ilipita, na leo ilikuwa ya tatu. Saa tano manispaa wakapiga simu: soko lisilo na mkulima si soko, meza zirudi stoo. Nilikuwa nakunja meza ya pili niliposikia mngurumo barabarani.

Trekta. Nyuma yake tela, na juu ya tela, amekaa kwenye magunia, matope hadi nywele, Ndimu. Daraja bado liko majini, kwa hiyo alizunguka kwa njia ya machimbo, mwendo wa saa sita nzima, kwa trekta la kuazima. Shamba lake la chini halipo tena. Alizunguka kwa wakulima wenzake wa mlimani nyumba kwa nyumba akiwaambia kuna wazee thelathini na sita wanaosubiri.

Wazee walitoka wote. Wengine kwa fimbo, wengine kwa kushikana. Hakuna aliyewaambia wapige makofi. Walipiga makofi pale kwenye mvua mpaka Ndimu akainamisha kichwa.

Akataka kushusha na kuondoka. Mama akamshika mkono wenye matope. "Wewe ni mgeni wangu leo."

"Bibi, mimi mchafu. Shambani huwa nakula nimesimama."

"Ndiyo maana umenuna. Chakula cha kusimama hakifiki moyoni. Kaa."

Alikaa. Alikula sahani tatu, na Mama, kwa adabu, mbili. Dereva akamwuliza kwa nini kachelewa dakika mia moja na thelathini, na Ndimu akacheka. Ana mwanya mzuri sana. Miezi miwili nimemwita Ndimu, na leo nimetubu, ingawa jina limeshashika.

Meza nilizikunjua tena. Manispaa wakipiga simu, wataambiwa niko sokoni.

Alhamisi, 15 Mei

Wakulima watatu leo. Daraja limefunguka. Wapangaji wamenunua mpaka mzani wa Ndimu ukakwama.

Alhamisi, 22 Mei

Mama anapandisha ngazi kikapu chake mwenyewe. Nilimfuata nyuma nikijifanya natafuta taa iliyoungua.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepungua. Kesho nesi. Wifi kaja jioni na wazo: mawe madogo mawili, mifuko ya ndani ya sketi, nani atajua? Nami, niseme kweli, nilikuwa tayari kuyatafuta. Mama akatusikia.

"Nikibaki hapa kwa mawe, basi yatakayokuwa yamebaki ni mawe," akasema. "Lete hayo maharage tumenye."

Ijumaa, 30 Mei

Wazee waliingia ukumbini kabla ya nesi. Wote, hata wasiopimwa. Ndimu kaja ingawa si Alhamisi, akasimama mlangoni na magamba ya udongo kwenye viatu.

Dereva alipimwa kwanza: hamsini na mbili na nusu. Akaomba nesi aandike pia saa.

Kisha Mama. Alivua viatu. Akavua mtandio. Akavua bangili, akampa wifi. Akageuza mifuko yake nje mbele ya watu wote, na wifi akaangalia dari. Halafu akapanda, mgongo umenyooka, macho ukutani.

Nesi akainama. Akainuka, akaipiga mizani kidole, akainama tena. Mimi nilishindwa kutazama, nikawa natazama midomo yake.

"Shuka, Mama. Panda tena."

Akashuka. Akapanda.

"Arobaini na sita," nesi akasema. "Na ziada."

Sijui nani alianza. Vigelegele vilitoka kwa wanawake ambao siku nyingine hawawezi kupuliza chai. Bibi wa chumba cha tisa alimkumbatia adui yake. Ndimu alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati na kujipaka udongo. Wifi alinishika shingoni na tukalia pamoja, mimi kwa sauti kubwa kuliko yeye, msimamizi mzima wa jengo, sikujali. Kelele zilipotulia kidogo nesi akasema manispaa nao wameomba takwimu zake, na kwa takwimu hizi soko halitaondolewa uani. Nilimsikia, ila nilikuwa na furaha moja tayari na haikuwa na nafasi ya nyingine mpaka baadaye.

Mama hakushangilia. Alikuwa bado juu ya mizani, anatazama mkono wa nesi ukiandika.

"Hiyo ni penseli," akasema.

"Ndiyo, Mama. Huwa tunaandika kwa penseli kwanza, maana hubadilika."

"Yangu haibadiliki. Andika kwa wino."

Nesi akaomba kalamu. Zilitolewa kalamu tisa.